Udhibiti wa asidi ya tumbo baada ya upasuaji wa kongosho

Udhibiti wa asidi ya tumbo baada ya upasuaji wa kongosho ni matibabu yanayolenga kupunguza asidi inayotoka tumboni kwa mtu ambaye kongosho lake limeondolewa, lote au sehemu yake. Hufanyika hasa kwa dawa zinazoitwa vizuia pampu ya protoni, kama vile omeprazoli na pantoprazoli.

Matibabu hayo yana malengo mawili. La kwanza ni kulinda maungio mapya kati ya tumbo na utumbo yasipate kidonda. La pili ni kuwezesha mafuta ya chakula kumeng'enywa. Lengo la kwanza linajulikana zaidi. La pili husahaulika mara nyingi, ingawa ndilo linalomgusa mgonjwa kila anapokula.

Makala hii inaeleza mambo ya jumla. Kipimo cha dawa na muda wa kuitumia huamuliwa na daktari anayemjua mgonjwa na aina ya upasuaji aliofanyiwa.

Kazi ya kongosho dhidi ya asidi

Tumbo, yaani mfuko unaopokea chakula kutoka umioni, hutoa takriban lita 2 za majimaji kwa siku kwa mtu mzima. Ndani yake kuna asidi hidrokloriki, yenye pH ya kati ya 1 na 3 hivi. Ukuta wa tumbo umejikinga kwa ute mzito, lakini utumbo mwembamba hauna kinga ya kiwango hicho. Kwa hiyo chakula kinapotoka tumboni na kuingia katika duodeni, ambayo ni sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, asidi yake inapaswa kupozwa mapema.

Kazi hiyo hufanywa hasa na kongosho. Watu wengi wanalijua kongosho kwa sababu ya insulini na ugonjwa wa kisukari, lakini sehemu kubwa ya tezi hii hushughulika na chakula. Kila siku humimina katika duodeni kati ya lita 1 na 2 za majimaji yenye vimeng'enya na bikabonati. Bikabonati ni besi. Ikikutana na asidi hutokea chumvi, maji na gesi ya kaboni dioksaidi. Ni kemikali ya aina ileile iliyomo katika soda inayotiwa kwenye maandazi, ndiyo maana baadhi ya watu hukoroga soda hiyo katika maji wanapopata kiungulia. Nafuu yake hudumu muda mfupi, huleta gesi na kuongeza chumvi mwilini, hivyo haifai kuwa tiba ya kila siku.

Kongosho hujuaje wakati wa kumwaga bikabonati? Mwaka 1902 William Bayliss na Ernest Starling, wanafiziolojia wa University College London, walionyesha kwamba asidi inapofika kwenye ukuta wa sehemu ya juu ya utumbo mwembamba, ukuta huo hutoa kemikali ndani ya damu. Kemikali hiyo ikilifikia kongosho hulichochea litoe majimaji yake. Waliiita sekretini. Baadaye, mwaka 1905, Starling alivipa vitu vya namna hiyo jina la homoni. Sekretini pia hupunguza utoaji wa asidi tumboni kwenyewe.

Kwa sababu hiyo, duodeni inapoondolewa pamoja na kichwa cha kongosho, mgonjwa hupoteza vitu viwili kwa pamoja: sehemu ya chanzo cha bikabonati na sehemu kubwa ya kengele inayoamuru imwagwe. Tumbo lenyewe huendelea kutoa asidi.

Aina za upasuaji

Haja ya kudhibiti asidi hutegemea ni sehemu gani ya kongosho iliyoondolewa na jinsi njia ya chakula ilivyounganishwa upya.

Upasuaji mkubwa unaojulikana zaidi ni ule wa Whipple, unaofanywa hasa kwa saratani ya kichwa cha kongosho, ya mwisho wa mfereji wa nyongo au ya duodeni. Kichwa cha kongosho huondolewa pamoja na duodeni, kifuko cha nyongo na sehemu ya chini ya mfereji wa nyongo. Kisha hufanywa maungio matatu kwenye utumbo mwembamba: la kongosho lililobaki, la mfereji wa nyongo na la tumbo. Kwa kawaida maungio ya kongosho na ya nyongo huwekwa juu, na la tumbo huwekwa chini yake. Mpangilio huo una faida yake, kwa kuwa nyongo na majimaji ya kongosho hupita mahali asidi inapoingia na kuipunguza ukali. Mpasuaji akipeleka majimaji hayo kwa njia nyingine ya pembeni, maungio ya tumbo hubaki bila msaada huo.

Katika mtindo wa zamani wa Whipple, sehemu ya chini ya tumbo pia hukatwa. Sehemu hiyo ndiyo hasa inayotengeneza gastrini, homoni inayoamsha utoaji wa asidi, hivyo kuikata hupunguza asidi. Mwaka 1978 William Traverso na William Longmire wa Los Angeles walieneza mtindo unaobakiza tumbo lote pamoja na pailorasi, yaani mlango wake wa kutokea. Mgonjwa hubaki na tumbo lake zima, lakini pia hubaki na gastrini yake yote. Vidonda vya maungio hutokea katika mitindo yote miwili.

Upasuaji wa kuondoa mkia wa kongosho ni jambo tofauti. Duodeni hubaki, kichwa cha kongosho huendelea kumwaga bikabonati, na hakuna maungio kati ya tumbo na utumbo. Wagonjwa wengi wa aina hii hawahitaji dawa za asidi kwa muda mrefu. Kinyume chake ni kuondoa kongosho lote: hapo bikabonati yake hukoma kabisa, pamoja na vimeng'enya na insulini.

Historia

Uhusiano kati ya majimaji ya kongosho na vidonda ulionekana kwa mbwa kabla ya kuwa suala la kila siku kwa binadamu. Mwaka 1923 Frank Mann na Carl Williamson wa Mayo Clinic nchini Marekani walichapisha jaribio ambalo limetajwa sana tangu hapo. Waliwafanyia mbwa upasuaji uliopeleka nyongo na majimaji ya kongosho hadi karibu na mwisho wa utumbo mwembamba, kisha wakaunganisha tumbo moja kwa moja na utumbo wa juu. Karibu mbwa wote walipata vidonda. Vidonda hivyo havikutokea ndani ya tumbo bali kwenye utumbo, hatua chache baada ya maungio, mahali ambapo asidi ilitua bila kupozwa.

Upande wa binadamu, Walther Kausch wa Berlin alifanikiwa kuondoa sehemu ya kichwa cha kongosho pamoja na duodeni mwaka 1909. Jina lililobaki katika vitabu, hata hivyo, ni la Allen Whipple wa New York, aliyetoa taarifa yake mwaka 1935. Katika upasuaji wake wa kwanza, kongosho lililobaki lilifungwa tu, halikuunganishwa na utumbo, kwa hiyo mgonjwa hakupata tena majimaji yake. Baadaye ikawa desturi kuliunganisha na utumbo, au wakati mwingine na tumbo lenyewe.

Kabla ya dawa za kisasa, njia za kuzuia asidi zilikuwa za kisu. Mpasuaji aliweza kukata sehemu kubwa ya tumbo ili kupunguza seli zinazotoa asidi, au kukata neva ya vagasi inayochochea seli hizo. Njia hii ya pili ilienezwa na Lester Dragstedt wa Chicago kuanzia mwaka 1943, na baadhi ya wapasuaji waliiongeza kwenye upasuaji wa Whipple. Wagonjwa walilipa gharama yake kwa kuharisha na kwa tumbo kuchelewa kujimwaga.

Mabadiliko yalikuja na dawa. Simetidini, iliyotokana na utafiti wa James Black, ilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1976. Black alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1988. Mwaka huohuo omeprazoli ilianza kutumika nchini Uswidi. Tangu hapo sababu ya kukata neva wakati wa upasuaji wa kongosho imekaribia kutoweka.

Kidonda cha maungio

Kidonda cha maungio hutokea pale tumbo lilipounganishwa na utumbo, mara nyingi upande wa utumbo. Huwapata wagonjwa wachache kati ya kila mia, na huweza kujitokeza miezi au miaka baada ya upasuaji, wakati mgonjwa ameshajiona amepona na ameacha kwenda kliniki.

Dalili zake ni maumivu ya sehemu ya juu ya tumbo, kichefuchefu, kushiba haraka na upungufu wa damu usioeleweka chanzo chake. Wengine hawana dalili yoyote mpaka kidonda kinapovuja damu au kutoboka. Kutapika damu, kutoa kinyesi cheusi chenye kunata kama lami, au kupata maumivu makali ya ghafla ya tumbo ni mambo ya kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo. Vidonge vya madini ya chuma pia hufanya kinyesi kuwa cheusi, lakini mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa kongosho asijitulize kwa maelezo hayo kabla ya kupimwa. Kidonda huthibitishwa kwa kipimo cha kamera inayopitishwa mdomoni.

Asidi haifanyi kazi peke yake. Uvutaji wa sigara huongeza hatari, na vivyo hivyo dawa za maumivu za kundi la aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Hapa Afrika Mashariki dawa hizo hununuliwa kwa urahisi dukani, na diklofenaki hutumiwa sana kwa maumivu ya mgongo na viungo. Mtu aliyefanyiwa upasuaji wa Whipple anapaswa kumwambia muuza dawa historia yake kabla ya kununua chochote cha maumivu. Parasetamoli haina hatari hiyo kwa maungio. Anayetumia aspirini kwa ajili ya moyo asiiache kwa uamuzi wake mwenyewe. Amwulize daktari kuhusu kinga ya tumbo.

Sababu nyingine ni bakteria Helicobacter pylori, waliotambuliwa na Barry Marshall na Robin Warren huko Perth, Australia, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Maambukizi yake ni ya kawaida sana katika nchi za Afrika. Hupimwa kwa kinyesi, kwa pumzi au kwa kipande kidogo cha ukuta wa tumbo, na hutibiwa kwa antibiotiki pamoja na kizuia pampu ya protoni. Vizuia pampu huweza kuwaficha bakteria hao, kwa hiyo vipimo hivyo kwa kawaida hufanyika baada ya kusimamisha dawa kwa wiki 2 hivi, ikiwa daktari anaona ni salama kufanya hivyo.

Kuna imani ya zamani kwamba maziwa huponya vidonda vya tumbo. Maziwa hutuliza kwa muda, lakini protini na kalsiamu yake huchochea tumbo kutoa asidi tena. Hayana ubaya kama chakula, ila si dawa ya kidonda.

Asidi na umeng'enyaji wa mafuta

Kongosho ndilo chanzo kikuu cha lipasi, kimeng'enya kinachovunja mafuta. Lipasi ni dhaifu mbele ya asidi: pH ikishuka chini ya 4 huharibika, na haifufuki hata asidi ikipozwa baadaye. Kwa mtu mzima mwenye kongosho kamili tatizo hilo halionekani, kwa kuwa bikabonati huja pamoja na lipasi. Vilevile akiba ni kubwa: mafuta huanza kupotea kwa wingi katika kinyesi pale tu uwezo wa kutoa lipasi unaposhuka chini ya takriban asilimia 10 ya kawaida.

Baada ya upasuaji mambo hubadilika pande zote mbili. Lipasi ni kidogo, na ile iliyopo huingia katika utumbo wenye asidi kuliko ilivyokusudiwa. Asidi za nyongo, ambazo kazi yake ni kuyachanganya mafuta na maji, nazo huganda na kuzama katika mazingira yenye asidi kali. Mafuta hupita bila kuguswa. Mgonjwa hupata kinyesi kingi, chepesi, chenye harufu kali, kinachoelea na kushika kwenye choo; hupungua uzito na kukosa vitamini A, D, E na K, ambazo husafiri pamoja na mafuta. Wengi hujilaumu kwa kula vibaya, au huacha kabisa nazi, karanga na mafuta ya kupikia, na matokeo yake hukonda zaidi.

Tiba ya msingi ni kapsuli za vimeng'enya, zinazomezwa pamoja na chakula. Mtu mzima kwa kawaida huanza na uniti 40,000 hadi 50,000 za lipasi kwa mlo kamili, na nusu ya kiasi hicho kwa kitafunio. Zimezwe mlo unapoanza na nyingine katikati ya mlo, si baada ya kula, kwani lazima zisafiri pamoja na chakula. Chembe zilizo ndani ya kapsuli nyingi zimefunikwa utando usioyeyuka mpaka pH ifike 5.5 hivi, ili asidi ya tumbo isiziharibu.

Hapo ndipo udhibiti wa asidi unaporudi. Ikiwa utumbo wa mgonjwa wenyewe una asidi kwa sababu bikabonati ni kidogo, utando huo huchelewa kuyeyuka, na vimeng'enya huachiliwa mbali sana, baada ya chakula kupita. Mgonjwa huyo humeza kapsuli zake kwa uaminifu na bado anaharisha mafuta. Kabla ya kusema dawa imeshindwa, daktari huhakikisha kwamba inamezwa kwa wakati na kwa kiasi cha kutosha, kisha huongeza kizuia pampu ya protoni. Kwa baadhi ya wagonjwa hatua hiyo huleta tofauti kubwa. Kwa wengine tatizo liko kwingine, kwa mfano bakteria kuzidi katika utumbo mwembamba.

Vimeng'enya hivyo hutengenezwa kutokana na kongosho la nguruwe. Ni haki ya mgonjwa kuelezwa jambo hilo mapema, hasa Mwislamu au Mwadventista Wasabato, badala ya kuligundua mwenyewe kwenye karatasi ya dawa. Wanazuoni wengi wa Kiislamu huruhusu dawa ya namna hiyo pale inapohitajika na mbadala haupo.

Dawa

Vizuia pampu ya protoni ndivyo vinavyotumika zaidi. Katika siku za kwanza baada ya upasuaji, wakati mgonjwa hawezi kula, hutolewa kupitia mshipa. Kisha mgonjwa huhamia kwenye kapsuli au vidonge, mara nyingi omeprazoli miligramu 20 hadi 40 au pantoprazoli miligramu 40 kwa siku. Omeprazoli imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani na bei yake ni nafuu.

Namna ya kumeza ina uzito kuliko watu wanavyodhani. Dawa hizi hufunga pampu zinazofanya kazi tu, na pampu huamshwa na chakula. Kwa hiyo humezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, kwa kawaida asubuhi. Anayeimeza usiku akiwa amelala njaa hupata sehemu tu ya faida yake. Nguvu kamili hufikiwa baada ya siku 3 hadi 5. Kapsuli haitafunwi wala chembe zake hazisagwi, kwa sababu dawa yenyewe huharibiwa na asidi. Asiyeweza kumeza kapsuli aombe ushauri wa mfamasia.

Kundi la pili ni vizuizi vya histamini, kama famotidini. Hufanya kazi haraka, lakini mwili huizoea dawa baada ya siku au wiki kadhaa na nguvu yake hupungua. Ranitidini, iliyokuwa maarufu sana katika kundi hili, iliondolewa sokoni katika nchi nyingi kati ya miaka 2019 na 2020 baada ya kupatikana ndani yake kemikali inayoshukiwa kusababisha saratani.

Vidonge vya kutafuna na dawa za maji zenye magnesiamu au kalsiamu hutuliza kiungulia, lakini havifai kama tegemeo baada ya upasuaji wa kongosho. Madini hayo hushikamana na mafuta yasiyomeng'enywa na huweza kuzidisha kinyesi chenye mafuta.

Muda wa matumizi na madhara yake

Madaktari hawakubaliani juu ya muda. Baada ya upasuaji wa Whipple, wengine hutoa dawa kwa miezi michache mpaka maungio yapone. Wengine huiendeleza kwa mwaka au maisha yote, hasa kwa aliyewahi kupata kidonda, anayetumia aspirini, au aliyeondolewa kongosho lote. Jibu hutofautiana kwa mgonjwa mmoja mmoja, na kosa linalotokea mara nyingi ni la kutouliza: dawa iliyoandikwa siku ya kuruhusiwa hospitalini huendelea kwa miaka bila mtu kuipitia, au huachwa kwa sababu pakiti imekwisha.

Matumizi ya muda mrefu huweza kupunguza ufyonzaji wa vitamini B12, madini ya chuma na magnesiamu, na huongeza uwezekano wa baadhi ya maambukizi ya utumbo. Kwa mgonjwa wa kongosho jambo hili lina uzito wa ziada. Duodeni ndiyo mahali chuma na kalsiamu hufyonzwa kwa wingi, na yeye hana duodeni. Vimeng'enya vya kongosho huhitajika pia ili vitamini B12 ifyonzwe. Dawa ya asidi inaongeza mzigo juu ya upungufu uliokwisha kuwapo. Ndiyo sababu damu yake hupimwa mara kwa mara, na mifupa yake pia huangaliwa.

Anayeacha dawa ghafla baada ya kuitumia kwa miezi huweza kupata kiungulia kikali kwa wiki kadhaa, kwa kuwa tumbo hutoa asidi kupita kiasi. Hiyo si lazima iwe dalili ya ugonjwa mpya. Daktari huweza kupunguza kipimo polepole.

Vizuia pampu pia hugongana na dawa nyingine. Miongoni mwa dawa za Virusi vya UKIMWI, rilpivirini haitumiki pamoja navyo, na atazanaviri hufyonzwa vibaya. Dolutegraviri haiathiriwi navyo, lakini huathiriwa na dawa za asidi zenye magnesiamu au alumini, hivyo hizo hutenganishwa nayo kwa saa kadhaa. Omeprazoli hupunguza nguvu ya klopidogreli, dawa ya kuzuia damu kuganda.

Wagonjwa wenye gastrinoma

Katika kundi moja asidi ndiyo ugonjwa wenyewe. Mwaka 1955 Robert Zollinger na Edwin Ellison wa Ohio, Marekani, walieleza wagonjwa wenye vidonda vikali vilivyorudi kila vilipotibiwa, pamoja na uvimbe kwenye kongosho. Baadaye iligundulika kwamba uvimbe huo, unaoitwa gastrinoma, humwaga gastrini bila kiasi. Huweza kuwa katika kongosho au katika duodeni. Wakati ule tiba pekee ya uhakika ilikuwa kuondoa tumbo lote. Siku hizi asidi hudhibitiwa kwa vizuia pampu vya kipimo kikubwa kabla ya upasuaji, na mpasuaji huondoa uvimbe peke yake.

Dawa haiachwi mara uvimbe unapotoka. Kwa miaka ya kuchochewa na gastrini, seli zinazotoa asidi zimeongezeka katika ukuta wa tumbo, na idadi yake haipungui kwa siku moja. Hata pale ambapo kiwango cha gastrini katika damu kimerudi kuwa cha kawaida, tumbo huweza kuendelea kutoa asidi nyingi kwa miezi, na dawa hupunguzwa hatua kwa hatua kwa kufuata vipimo.